Hata amiri wa Ashuru alidai katumwa na Mungu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nizungumze na wasomaji wenzangu ambao wiki hizi wamekuwa wakivutana humu juu ya vita na unabii wa Biblia. Mmoja anasema Urusi ndiyo Gogu, yule mvamizi wa Israeli katika Ezekieli 38, mjadala umefungwa. Mwingine anasema Mungu amekwisha kuchagua upande wake Mashariki ya Kati, hivyo Mkristo hana haja ya kuuliza anayepigwa ni nani na kapigwa kwa kosa gani. Wa tatu, ambaye kusema kweli alinichekesha, amehesabu vifaru na ndege za kila upande na kuvipachikia aya za Danieli. Wote wanakiri kwamba Mungu ndiye mwenye falme zote, huinua na hushusha. Nami nakiri hivyo. Ninachogombana nacho ni jinsi wanavyoruka kutoka kwenye ungamo hilo hadi kushangilia mabomu.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, na sasa ni mzee wa usharika hapa Morogoro. Sikusoma chuo cha theolojia. Jeshini nilikuwa mtu wa stoo na usafirishaji: masanduku ya risasi, mapipa ya mafuta, magunia ya unga na maharage, buti. Kwa hiyo nikifungua vitabu vya manabii macho yangu hukimbilia farasi, magari, maji, mabega ya askari, na nani alilipwa nani hakulipwa. Manabii waliyajua mambo hayo kuliko wengi wanaowahubiri leo.

Chukueni Isaya 36. Mwaka ni 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ameshuka na jeshi lake kumwadhibu Hezekia wa Yuda aliyekataa kulipa kodi. Habari hii hatuipati kwenye Biblia peke yake. Senakeribu mwenyewe aliiandika kwenye mche wa udongo wa kuchoma wenye pande sita, uliopatikana Ninawi mwaka 1830 na ambao sasa uko British Museum, London. Anajigamba humo kwamba aliteka miji 46 yenye ngome, akachukua watu 200,150, na Hezekia akamfungia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Mji mmojawapo ulikuwa Lakishi. Ushindi wa Lakishi ulimpendeza hata akauchonga kwenye kuta za chumba kizima katika jumba lake la Ninawi. Mjukuu wangu alinitafutia picha za michongo hiyo kwenye simu, nikazitazama nikizikuza kwa vidole. Kuna tuta la mawe lililojazwa hadi ukutani, magogo ya kubomolea ngome yanapandishwa juu yake, watu wa mji wanarusha mienge kutoka juu. Pembeni wanaume watatu wamechomekwa kwenye miti. Chini kidogo familia zinatoka: mkokoteni wa ng'ombe, mafurushi juu yake, na juu ya mafurushi wamekaa watoto. Mchongaji wa mfalme hakuwaonea haya. Kwake ule ulikuwa mapambo ya sebule.

Kutoka Lakishi Senakeribu anatuma amiri wake kwenda Yerusalemu na kikosi kikubwa. Anasimama kwenye mfereji wa birika la juu, barabara ya uwanja wa dobi. Mahali hapo si pageni kwa msomaji wa Isaya. Ni palepale, kwenye sura ya 7, nabii alipomkuta Ahazi, babake Hezekia, akamwambia atulie asiogope. Ahazi hakutulia. Alikomba fedha na dhahabu ya hekalu akampelekea mfalme wa Ashuru ili aje amsaidie dhidi ya majirani. Msaada ulikuja. Na sasa, enzi za mwanawe, msaada umesimama kwenye mfereji uleule unadai mji.

Hotuba ya amiri ni ya mtu aliyefunzwa propaganda. Anaitoa kwa Kiyahudi, makusudi, ili askari walioko ukutani wasikie. Maofisa wa Hezekia wanamsihi aongee Kiaramu, anakataa. Anasema Misri mnayoitegemea ni mwanzi uliopasuka, ukiuegemea unakutoboa kiganja. Kisha anatoa dharau ambayo mtu wa stoo anaielewa mara moja: haya, bwana wangu atawapeni farasi 2,000, kama ninyi mnaweza kupata watu wa kuwapanda. Nani asiyejua aibu hiyo? Nimeona magari mapya yamepangwa uwanjani, yamepakwa rangi, yanang'aa, na hakuna madereva waliofunzwa wa kuyaondoa. Amiri alijua Yuda haina wapanda farasi, naye alitaka kila askari aliye ukutani ajue kwamba yeye anajua.

Halafu linakuja la tatu, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwenye aya ya 10 amiri anauliza: mnadhani nimepanda kuja kuiharibu nchi hii pasipo Bwana? Bwana ndiye aliyeniambia, panda, ukaiangamize.

Someni tena, wapendwa. Huyo si nabii. Huyo ni afisa wa jeshi la uvamizi, mikono yake ina damu ya Lakishi, naye anahubiri ukuu wa Mungu juu ya mataifa. Tena, kwa mujibu wa Isaya mwenyewe, hajakosea! Sura ya 10 Mungu anamwita Ashuru fimbo ya hasira yake na kusema anamtuma juu ya taifa lisilomcha. Amiri angeweza kusimama kwenye mimbari zetu na sura ya 10 mkononi, na baadhi yetu tungeitika amina.

Ila sura ya 10 haikomi kwenye fimbo. Neno lake la kwanza kwa Ashuru ni ole. Mungu anasema nimemtuma, lakini yeye hafikirii hivyo. Moyoni mwake mna kuangamiza na kukatilia mbali mataifa yasiyo machache. Anamsikia mfalme akijisifu kwamba ameyafanya yote kwa nguvu za mkono wake na akili zake, kwamba amekusanya mali za mataifa kama mtu anavyookota mayai kwenye kiota kilichoachwa, wala hapakuwa na aliyepiga bawa wala aliyefungua kinywa. Ndipo nabii anauliza kama shoka linaweza kujisifu mbele ya yule anayelitumia. Kutumiwa na Mungu, katika kitabu hiki, hakumpi mtu cheti cha wema. Fimbo ikishamaliza kazi yake inaingizwa mahakamani, na shtaka lake ni lile lile tendo ambalo ilitumwa kulifanya, jinsi ilivyolifanya, na ilivyolifurahia.

Hapo ndipo wenzangu wanaponipotea. Wanadhani wakishathibitisha kwamba jeshi fulani limetajwa kwenye unabii, wamelihesabia haki. Isaya anafanya kinyume. Jeshi analolitaja ndilo analolihukumu.

Nimepigana, kwa hiyo sisemi haya kama mtu aliyekaa kivulini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini Amin alipoingia Kagera mwaka 1978, akalivunja daraja la Kyaka, watu wetu wakakimbia na ng'ombe wao wakaporwa. Mwalimu alipolihutubia taifa alitaja uwezo, akataja sababu, akataja nia. Hakusema Amin katabiriwa na nabii yeyote. Tulielewa, tukaenda. Mpaka leo nasema vita ile ilikuwa ya haki kwetu, na atakayebisha aniandikie. Lakini niliingia Masaka, Februari 1979, nikiwa nyuma ya lori la risasi, baada ya mizinga yetu kupita. Mji ulikuwa umebomolewa vibaya. Mabati yamekunjamana barabarani kama karatasi. Kwenye uwanja wa nyumba moja isiyo na paa niliona ungo wa matoke, nusu yamemenywa, nusu bado, kisu kimelala juu ya maganda. Aliyekuwa akimenya hakuwa ameivamia Kagera. Sikuwa na aya ya kumpa yule mama wala sikuitafuta. Afisa wetu alipiga kelele tusogeze magari na tukasogeza. Baadaye, nilipoanza kusoma Biblia kwa utulivu wa uzee, nilipofika Isaya 10 aya ya 7, kwamba moyoni mwake mna kuangamiza, nilijua inazungumza habari gani. Jeshi lenye sababu njema linaweza kufikia mahali pakawa hapana mtu anayekumbuka sababu.

Turudi Yerusalemu. Nani aliuokoa mji? Biblia inasema malaika wa Bwana alitoka usiku akapiga watu 185,000 katika kambi ya Ashuru. Senakeribu kwenye mche wake hasemi alishindwa. Anaorodhesha kodi aliyoletewa, dhahabu talanta 30 na fedha 800. Kitabu cha 2 Wafalme, sura ya 18, nacho kinakubali kwamba Hezekia alilipa, dhahabu talanta 30, ingawa kwenye fedha kinasema 300, na kwamba alikwangua dhahabu ya milango ya hekalu ili atimize. Isaya anairuka habari hiyo ya kodi. Mgiriki Herodotus, aliyeandika karne mbili na zaidi baadaye, alisimuliwa huko Misri kwamba panya wa porini waliingia kambi ya Senakeribu usiku wakatafuna podo, nyuzi za pinde na vishikio vya ngao. Hadithi hiyo naipenda mno. Mtu yeyote aliyelinda stoo ya turubai msimu wa mavuno ataiamini kabla ya kumaliza kuisoma. Lolote lililotokea, jambo moja halina ubishi: hata Senakeribu, mtu wa majigambo, hakuandika kwamba aliiteka Yerusalemu. Na jumbani kwake alichonga Lakishi.

Wengine watasema, basi, tusijenge ngome wala kununua silaha, tuombe tu. Isaya hasemi hivyo. Hezekia alichimba handaki la maji chini ya mji, mita mia tano na zaidi kwenye mwamba, na watu wanapita humo hadi leo maji yakiwafika magotini. Sura ya 22 nabii anataja birika, ukuta uliotengenezwa kwa mawe ya nyumba zilizobomolewa, silaha zilizokaguliwa. Havikatazi. Lawama yake ni kwamba walipomaliza kukagua vyote hivyo hawakumtazama aliyeyapanga mambo haya tangu zamani. Serikali na ichimbe maji, na jeshi lihesabu risasi zake. Mimi nilizihesabu miaka yote ya utumishi wangu na sioni dhambi.

Sasa nawaomba wasomaji mnifuate kwenye jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa redioni, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Yerusalemu uliponusurika mwaka 701, watu waliibadili habari ile ikawa kaulimbiu. Mji wa Mungu hauanguki. Kama miaka mia baadaye, wakati wa Yeremia, walikuwa wakiimba hekalu la Bwana, hekalu la Bwana, hekalu la Bwana, kana kwamba mawe yenyewe yamewekewa bima. Unabii wa kweli wa Isaya ulikuwa umegeuka mto wa kulalia.

Babeli imekuja. Yeremia 27 anajivika nira shingoni, miti na kamba, anakwenda nayo mbele ya wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni waliokutana Yerusalemu kupanga muungano wa kijeshi. Ujumbe wake: Mungu aliyeumba dunia humpa amtakaye, na kwa sasa amempa Nebukadreza, mtumishi wangu. Wekeni shingo zenu chini ya nira mpate kuishi. Mtumishi wangu! Mfalme wa kipagani ambaye baadaye angelichoma hekalu.

Anatokea Hanania, nabii kama yeye, mbele ya makuhani na watu wote. Anasema Bwana wa majeshi ameivunja nira ya Babeli. Ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi. Anaivua nira shingoni kwa Yeremia anaivunja. Nawauliza, Hanania alihubiri nini ambacho Isaya hakukihubiri? Mungu ni mkuu kuliko himaya. Msiogope. Mvamizi atarudi kwake. Ni Isaya 37, neno aliloambiwa Hezekia, karibu herufi kwa herufi. Na ilikuwa uongo. Yeremia alimjibu amina, Bwana na afanye hivyo, kisha akaenda zake, hana la kuongeza siku ile. Neno lilipomjia tena alirudi na habari ya nira ya chuma, na Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Mji ulianguka mwaka 586 K.K.

Kwa hiyo imani ileile katika Mungu mwenye mataifa ilitoa amri mbili zinazopingana: kwa Hezekia, usifungue lango, kwa Sedekia, mfalme wa siku za Yeremia, toka ujisalimishe. Aliyekariri amri ya kwanza na kuitumia wakati wa pili aliwaua watu. Ndiyo maana siwaamini wenye chati za nyakati za mwisho zenye mishale na bendera, zinazomweka Mungu upande mmoja kabla hajaulizwa. Nabii wa kweli alisikiliza upya kila kizazi, na mara nyingi alichosikia hakikuwafurahisha watu wake mwenyewe.

Yeremia alilipa. Wakuu walimshtaki kwamba anailegeza mikono ya watu wa vita. Shtaka hilo nalijua. Kila jeshi linalo, na si la kuchezea. Wakamshusha kwenye shimo lenye matope, akazama. Aliyemtoa alikuwa Mwafrika, Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, na tazameni alivyofanya kazi: alikwenda kwanza stoo, chini ya hazina, akachukua matambara makuukuu na nguo zilizochakaa, akayashusha kwa kamba akamwambia mzee ayaweke makwapani, chini ya kamba, ili isimchune. Nimesoma maelezo mengi ya sura hiyo na sijaona anayesimama kwenye matambara. Mimi nasimama hapo. Kwenye kitabu kilichojaa farasi na magari ya vita, kuna mtu mmoja aliyefikiria makwapa ya mwenzake.

Ezekieli naye ana sehemu yake. Sura ya 26 alisema Nebukadreza atauteka Tiro na kupora mali yake. Mfalme aliuzingira mji ule, kwa hesabu ya Yosefu yule mwanahistoria wa Kiyahudi, miaka 13. Kisha fungueni sura ya 29, aya ya 17 kuendelea, maneno ya mwaka 571 K.K. Mungu anasema Nebukadreza amelitumikisha jeshi lake utumishi mkubwa juu ya Tiro, kila kichwa kimepata upara na kila bega limechubuka, wala hakupata ujira, yeye wala jeshi lake. Nabii hakuificha habari hiyo wala hakurudi kufuta sura ya 26. Aliandika kwamba mambo hayakwenda kama watu walivyotarajia, na kwamba Mungu atawalipa askari hao kwa nyara za Misri. Wahubiri wetu huwahi kumkimbilia Aleksanda, aliyejaza bahari mawe akaufikia Tiro mwaka 332 K.K., ili hesabu zikae sawa. Mwacheni Ezekieli aseme alichosema. Mimi hukaa kwenye bega. Sanduku la risasi la mbao lina kona, na kona hiyo hukaa palepale juu ya mfupa kila unapolibeba, mpaka shati linagandamana na ngozi. Mungu wa Ezekieli ameliona bega la askari wa kipagani wa Babeli, anajua hajalipwa.

Na sisi tuna mabega yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam tunayoijua kwa vitenge na vipuri vya pikipiki ilipata jina kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Pale kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Vita ile ilikuwa ya nani? Askari wengi wa Ujerumani huko Ulaya walivaa mikanda yenye bamba lililoandikwa Mungu yuko pamoja nasi. Waingereza nao, makanisani kwao, walimwomba Mungu huyohuyo awape ushindi. Mpagazi kutoka Unyamwezi alibeba mzigo wa huyu au wa yule, kutegemea nani alimkamata kwanza.

Kuhusu Gogu nitasema kidogo, maana limesemwa sana. Askofu Ambrosi wa Milano, karne ya nne, alisema Gogu ni Wagothi waliokuwa wakiitishia Roma. Luther, karne ya 16, aliwaona Waturuki. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 ikaweka Urusi kwenye maelezo yake, na kutoka hapo ikaenea hadi kwenye vipaza sauti vya stendi zetu. Kila kizazi kilimwona Gogu kwa jirani ambaye kilikuwa kikimwogopa. Augustino alikwisha kuonya, miaka zaidi ya 1,500 iliyopita, kwamba Gogu na Magogu wasichukuliwe kuwa taifa fulani la mahali fulani. Mesheki na Tubali aliowataja Ezekieli wanajulikana kwenye kumbukumbu za Waashuru, walikaa huko iliko Uturuki leo. Na kama mnataka kuisoma sura ya 39 kama taarifa ya habari, basi someni yote: baada ya vita watu wanachoma ngao, pinde na mikuki kwa miaka saba, hawatemi kuni porini. Kwa bei ya mkaa ilivyo hapa Kihonda ningefurahi, lakini sijui kifaru kinachomwaje jikoni.

Nabii Amosi ndiye ningependa ahubiriwe zaidi, hasa kwa wale wanaosema Mungu hajali majeshi ya mataifa mengine yanafanyaje. Anaanza na Dameski iliyoipura Gileadi kwa vyombo vya chuma, anapita Gaza na Tiro zilizouza mateka, anafika Amoni waliopasua wanawake wenye mimba ili wapanue mipaka. Moabu anahukumiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Angalieni: Edomu si Israeli. Mungu anamshtaki mpagani kwa alichomfanyia mpagani, na aliyefanyiwa ni maiti. Wasikilizaji wa Amosi bila shaka walikuwa wakishangilia mpaka hapo. Kisha anageukia Yuda, halafu Israeli, wanaomuuza maskini kwa jozi ya viatu, na huko ndiko anakokaa kitabu kizima.

Wanaoshangilia vita vya leo kwa kutumia manabii wajaribu kipimo hicho: wasome hadi mahali ambapo nabii anawageukia wao. Ikiwa hapafikiki, wanasoma kitabu kingine.

Namalizia na ombi kwa yule ndugu wa barua ya kwanza, mwenye Gogu wake, maana naona anaijua Biblia na anaandika vizuri. Senakeribu aliuawa na wanawe mwaka 681 K.K. akiwa kwenye ibada ya mungu wake. Ninawi ilianguka mwaka 612 K.K., mji ambao nabii Nahumu aliuimbia wimbo usio na huruma hata kidogo. Kwenye michongo ya Lakishi uso wa mfalme aliyeketi kwenye kiti cha enzi umegongwagongwa makusudi, inaelekea na mtu aliyeingia jumbani siku zile. Ungedhani habari za Ashuru zimeishia hapo. Lakini katika Isaya kuna sura ya 19, aya tatu za mwisho: njia kuu itakuwako kutoka Misri hadi Ashuru, Mwashuri ataingia Misri na Mmisri Ashuru, na wataabudu pamoja. Israeli atakuwa wa tatu. Na Bwana wa majeshi atasema: wabarikiwe Misri watu wangu, na Ashuru kazi ya mikono yangu, na Israeli urithi wangu.

Ashuru yule wa Lakishi, wa watu waliochomekwa kwenye miti. Ndugu yangu, utakapoandika tena, tuambie kwenye chati yako aya hizo umeziweka wapi.

Mwanajeshi mstaafu na mzee wa usharika,
Kihonda, Morogoro